Stelingi Hafi Mau Narok

Kama hujawahi kuketi katika kibanda cha video, usinibishie mambo ya sinema. Watu wa mjini hudhani sinema huangaliwa. Sivyo. Sinema huambiwa, na pale Mau Narok aliyekuwa akiwaambia watu ni Thuo, waliyemwita DJ, huyu huyu ambaye siku hizi utamkuta kwenye ghala la viazi akishona midomo ya magunia kwa sindano ndefu, akipiga domo kuanzia gunia la kwanza mpaka lori linapoondoka.

Ghala lenyewe ndilo lililokuwa kibanda. Kuta za mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, ndani giza tele hata saa nane mchana. Mbele palikuwa na televisheni moja, nyuma yake jenereta, kisha mabenchi ya mbao mbichi yaliyochana suruali za watu wengi. Sinema zilitoka Nakuru, nyingi za Kichina, na Kichina hakuna aliyekijua. Thuo naye hakukijua. Alishika maikrofoni tu akaanza: huyu mnayemwona ni mtoto wa mjane, amekuja kudai shamba la baba yake. Watu wakaamini. Kwani wangekataa kwa nini? Mtu akirushwa teke kutoka ghorofani, na wewe umeshaambiwa kwamba alikula shamba la mjane, lile teke linakuwa na maana.

Sasa, kuna mtu anaitwa stelingi. Stelingi ndiye mkuu wa sinema, yule anayepigwa mpaka umhurumie, kisha anainuka na kuwapiga wote. Sheria yake ni moja: stelingi hafi. Wachina, kwa bahati mbaya, hawakuwa wameambiwa. Mwanzoni kabisa mwa kazi yake Thuo aliweka sinema ambayo hakuwa ameiangalia, na stelingi akachomwa mkuki, akaanguka, maandishi yakaanza kupanda. Watu walingoja ainuke. Kisha wakavunja mabenchi. Mwanamume mmoja mtu mzima, mwenye ng'ombe na boma lake, alilia machozi mbele ya watoto.

Thuo hakurudia kosa. Tangu siku hiyo aliangalia kila sinema asubuhi peke yake, mlango umefungwa. Akiona stelingi anaelekea kufa, aliweka alama kichwani: hapa anaposhika lango, hapa anapompa mchumba wake kidani. Mchana, watu wamejaa hadi mlangoni, ikifika pale pale mguu wake ulinyooka kwa nyuma ukaizima jenereta. Giza likaingia, watu wakanung'unika, na sauti yake ikaja bila maikrofoni: tulieni, mimi nilishaiona. Akaimaliza kwa mdomo. Na kusema kweli sehemu hiyo ya gizani ndiyo watu waliyoipenda kuliko zote, maana hapo hapakuwa na Mchina wa kumkatiza. Mwisho kabisa aliuliza, "Na stelingi?" na kibanda kizima kikajibu, "Hafi!" Ndipo mlango ukafunguliwa, watu wakatoka wakifikicha macho.

Jenereta ile ilipata sifa mbaya hadi Njoro. Thuo alisemwa kuwa bahili wa petroli, kuwa hawezi kununua hata mtungi mmoja wa kutosha, kuwa mke wake Wangui anateseka. Aliwaacha waseme. Heri aitwe bahili kuliko avunjiwe mabenchi.

Binti yake Wachuka alilelewa humo. Mama yake akiwa sokoni na kabichi zake, mtoto aliwekwa kwenye benchi la mbele na kikombe cha uji, akamkodolea macho baba yake zaidi ya alivyoikodolea televisheni. Thuo alimwita Maitu, yaani mama yangu kwa Kikuyu, kwa sababu alipewa jina la mama yake Thuo, na mtoto alijua sinema zote kwa moyo, pamoja na mwisho wake. Yeye pia aliamini petroli ilikuwa imeisha. Baba mtu hakumfungulia siri. Mtoto angesema shuleni, na Mau Narok ni ndogo.

Kisha ukaja ule mwaka wa vita vya uchaguzi. Sitaki kueleza sana. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo washukuru. Nyumba zilichomwa upande huu na upande ule, kibanda kikafungwa, na Kipkemei, kijana wa Kikalenjin ambaye hakukosa kibandani hata wikendi moja, alimzika ndugu yake Kipruto. Amani iliporudi, tena ikichechemea, Thuo alifungua mlango. Watu walikuja. Wakikuyu waliketi upande wa mlango, Wakalenjin upande wa ukuta, jambo ambalo halikuwahi kuonekana pale, maana zamani mtu aliketi alipopata nafasi. Kipkemei aliingia amevaa koti refu. Nje jua lilikuwa kali. Kila mtu aliliona lile koti, na hakuna aliyeuliza lilikuwa na nini ndani.

Sinema ya siku hiyo ilikuwa Kinyozi wa Mto Baridi. Kinyozi mmoja ameuliwa ndugu yake, basi anawatafuta wauaji mmoja mmoja na wembe wake. Thuo alikuwa ameiangalia asubuhi. Mwishoni kinyozi anamkuta adui wa mwisho juu ya daraja, mvua inanyesha. Anamkata koo, naye anadungwa kisu tumboni, wanalala wote wawili. Thuo alitaka kuweka sinema nyingine. Hakuwa na nyingine. Akaiweka hiyo hiyo, na kinyozi alipokanyaga ubao wa kwanza wa daraja, jenereta ikazimika.

Gizani alisikia watu wakipumua. Akawaambia kwamba kinyozi alimtazama yule adui na kuona kwamba naye analoa mvua vile vile. Akaufungua mkono, wembe ukaanguka mtoni. Akageuka akarudi kwao, na jioni ile akawanyoa watoto wote wa kijiji, kwa kuwa shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Mtu mmoja upande wa mlango akauliza alitumia wembe gani ikiwa ule ulikwenda na maji. Thuo akasema alikuwa na mwingine nyumbani.

"Na stelingi?" akauliza.

Jibu lilikuja kwa uvivu, mlangoni kwanza, kisha ukutani. Kipkemei alitoka na koti lake. Wiki iliyofuata alionekana shambani kwake akipanda viazi, koti limetundikwa kwenye ua. Labda ilikuwa sinema. Labda ilikuwa mvua, maana ilikuwa imeanza, na mtu wa Mau Narok asiyepanda mvua ikianza ana ugonjwa. Thuo hakumuuliza na Kipkemei hakusema. Wakawa watu wa kunywa chai pamoja, miaka ikaenda.

Nguzo za stima zilifika, simu zikafika, kila mtu akawa na sinema mfukoni, na kibanda kikafa kifo cha kawaida. Thuo akahamia kwenye sindano na magunia. Wachuka alikua akaenda Njoro, akafungua kibanda cha maziwa karibu na chuo kikuu. Anayapasha moto kwenye sufuria, anawauzia wanafunzi, na televisheni inawaka toka asubuhi, maana mwanafunzi akiwa na kitu cha kuangalia huagiza kikombe cha pili. Kwa njia hiyo kichwa chake kilijaa mambo yasiyo na faida yoyote: mwanamuziki gani alimwacha mtangazaji gani, nani katika tamthilia ya saa moja alifufuliwa na nani, mchekeshaji yupi alianza kama makanga wa matatu. Ukitaka kujua, muulize Wachuka. Usipotaka, atakwambia tu.

Basi ng'ambo ya barabara mtu akafungua duka lenye mashine ya maziwa, ile inayoyapoza na kuyapima yenyewe, mteja anabonyeza tu. Wanafunzi wakavuka. Maziwa ya jioni ya Wachuka yakaanza kuganda kwenye sufuria, akawa anayamwaga. Alimwambia baba yake wazi kwamba asipopata mashine kama ile, ikifika Krismasi anafunga na kurudi nyumbani kuokota viazi. Ndipo shindano la televisheni liitwalo Shika Jibu likatangaza linakuja Nakuru, maswali ya muziki na sinema na watu mashuhuri, na mshindi anachagua kifaa cha kazi yake. Wachuka hakungoja kuambiwa mara mbili.

Kipindi kilikwenda hewani moja kwa moja Jumapili alasiri. Mau Narok yote iliyokuwa na miguu ilihamia kwenye bucha ya Kipyegon, kwa kuwa televisheni yake ni kubwa na nyama ipo. Wengi walikuwa wale wale wa mabenchi, sasa wana vipara na matumbo. Thuo aliwekwa kiti cha mbele. Kipkemei aliketi kando yake, kofia magotini.

Wachuka alifanya kazi safi. Akaulizwa huyu aliimba na nani, akajibu swali halijaisha. Akaulizwa harusi ya yule ilivunjika kwa nini, akataja sababu mbili na kusema ya kweli ni ya pili. Walioanza naye wakaanguka mmoja mmoja hadi akabaki yeye na kijana mmoja mrefu anayefanya kazi kwenye mabomba ya mvuke huko Olkaria, mtu wa kutabasamu sana, ambaye alishamaliza maswali yake na sasa anangoja. Wachuka alibakiwa na swali moja. Akilipata, mashine ni yake. Akilikosa, kijana wa Olkaria anashinda.

Mtangazaji, msichana mmoja machachari aitwaye Jackie, akasoma kichwa cha swali: Enzi za Kibanda cha Video. Bucha ikapiga kelele. Wachuka alicheka peke yake kule jukwaani, na Thuo akajisikia amekuwa mrefu ghafla. Jackie akaendelea. Katika filamu Kinyozi wa Mto Baridi, kinyozi anaishia wapi? Moja, anafungwa jela. Mbili, anarudi nyumbani. Tatu, anakufa darajani. Nne, anakuwa mtawa.

Thuo akarudisha mfupa kwenye sahani. Bucha nzima ilikuwa inacheka na kugongana mabega, maana swali gani hilo, hata mtoto anajua. Wachuka alifungua mdomo ajibu, kisha akaufunga. Alikuwa na haki ya kumpigia mtu mmoja simu. Baadaye alieleza kwamba jibu alikuwa nalo, ila alitaka baba yake naye asikike kwenye televisheni, kwa kuwa sinema ilikuwa yake.

Simu ya Thuo ikalia. Jackie aliomba televisheni ipunguzwe sauti kwa sababu ya mwangwi, Kipyegon akaizima sauti kabisa, ikabaki picha. Wachuka akasoma swali tena, haraka, kwa sauti ya mtu anayejua anaelekea wapi. Nusu dakika tu walipewa.

Mambo mawili yalikuwa mbele ya Thuo. Kushoto, kwenye kioo, binti yake ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili. Kulia, Kipkemei na kofia yake. Angesema nyumbani, asingemkosea mtu yeyote katika chumba kile, na Wachuka angerudi kuokota viazi. Angesema darajani, basi kila mwisho aliowahi kuutoa gizani ungekuwa domo, na huyu wa kulia angejua kwamba alilitundika koti lake kwa ajili ya uongo wa mtu mwenye jenereta. Thuo hakumtazama. Aliogopa kumtazama, huo ndio ukweli.

"Maitu," alisema, "ni tatu. Anakufa darajani."

Bucha ililipuka. Watu waliinuka na mifupa mikononi. Nyumbani! Alirudi nyumbani! Mzee umechanganyikiwa! Aliwanyoa watoto! Mmoja aliyekuwa kijana wa benchi la nyuma aliusogelea mkono wa Thuo akapiga kelele ndani ya simu kwamba yeye alikuwepo, na wote hawa walikuwepo, na wembe ulianguka mtoni. Thuo akafunika simu kwa kiganja, akasema tatu, tatu, lakini sauti yake ni ya mtu mmoja, na wale aliwafundisha mwenyewe. Simu ikakatwa, muda umeisha.

Kwenye kioo Wachuka alisimama. Fikiria ungekuwa wewe. Upande mmoja mzee wako, ambaye siku hizi husahau miwani kichwani, anasema jambo ambalo hajawahi kulisema maishani. Upande wa pili, Mau Narok nzima, mashahidi watupu. Na wewe mwenyewe ulikuwa pale na kikombe chako cha uji. Aliinua vidole viwili.

Sauti ilikuwa imezimwa, kwa hivyo waliona tu. Jackie akafanya uso wa huruma. Kijana wa Olkaria akaruka juu. Wachuka akabaki na vidole vyake hewani kama mtu anayesimamisha gari lililokwisha kupita, na Thuo alimwona akikitafuta kwa macho kitu ambacho hakipo, kisha akashusha mkono.  Thuo alitamani mtu amrushie mfupa.

Nao wale wa televisheni, watu wasio na haya, wakaamua kuthibitisha. Kioo kikabadilika, na hiyo hapo sinema yenyewe: mvua, mto, daraja. Waliosimama wakaketi. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuona zaidi ya ubao wa kwanza. Kinyozi akatokea upande huu na wembe wake, adui upande ule, na picha haikuwa na sauti hata kidogo. Kinyozi akainua mguu. Akaushusha juu ya ubao.

Kipkemei alisimama, akaenda ukutani, akachomoa waya.

Hakuna aliyemwambia ni wapi pa kukatia. Thuo pekee ndiye aliyepajua mahali pale, yeye na mguu wake wa nyuma, na sasa alimtazama Kipkemei kwa mara ya kwanza tangu simu ilie. Kipkemei alikuwa ameshafika mlangoni. Akauvuta mlango wa mabati wa bucha ukashuka hadi chini, giza likaingia, nyama zikabaki zikinukia. Akarudi akipapasa viti vya watu, akaketi mahali pake.

"Ulijua," Thuo alisema, kwa sauti ya chini.

"Niliitafuta Nakuru mwaka ule ule, nikaiona yote." Kipkemei aliweka kofia magotini. "Malizia, DJ."

Thuo alikohoa.  Akaanza kusema kwamba kinyozi alisimama hapo kwenye ubao, mvua ikimpiga, ndipo simu ikalia mkononi mwa Thuo. Alikuwa Wachuka, amepiga kutoka nje ya ukumbi. Nyuma yake magari ya Nakuru yalisikika. Alimuuliza baba yake kwa nini basi hakumwambia tangu zamani kwamba kinyozi alikufa. Hakuwa anafoka. Angefoka ingekuwa afadhali.

Thuo hakujua aanzie wapi, na pale gizani watu walikuwa wanamngoja. Akamwambia, "Kaa hapo, Maitu, usikate." Akaiweka simu juu ya meza ya kukatia nyama, kioo chake kikatoa mwanga kidogo, akaendelea.

Kinyozi akamtazama adui. Akaona analoa vile vile. Hapo mwanzo Thuo alikuwa akiiharakisha sehemu hii. Leo aliipa nafasi. Alimweka yule adui na mtoto mgonjwa nyumbani, akamtia kinyozi baridi ya vidole, akaueleza wembe ulivyoteleza wenyewe, ukazama, mto ukaenda nao bila habari. Kinyozi akashika njia. Akafika kwao nguo zimeloa. Watoto walikuwa wamepangwa foleni kwenye kibao, vichwa vichafu, shule inafunguliwa Jumatatu.

"Wembe gani?" mtu akauliza kutoka nyuma, kwa sababu hakuna anayesahau wajibu wake.

"Alikuwa na mwingine nyumbani," Kipkemei akajibu kabla ya Thuo.

 Thuo akauliza, "Na stelingi?"

Wote walijibu pamoja, waliokuwa wa mlangoni na waliokuwa wa ukutani, na mezani simu nayo ilijibu, sauti ya Wachuka, imechelewa kidogo nyuma ya wengine, kwa kuwa mtandao wa Mau Narok ndivyo ulivyo.